Moshi kwa Mdudu Asiye na Asali

Mama mkwe alifika kwetu Lucky Summer Ijumaa jioni na kibuyu cha asali ya Mwingi. Jumapili saa nne asubuhi sofa yetu ilikuwa imelowa chepechepe. Kati ya asali na maji palikuwa na mdudu mmoja tu.

Alikuwa mweusi, miguu ya manjano, kiuno chembamba kama uzi. Aliingia dirishani, akapotea nyuma ya picha yetu ya harusi, na humo akawa analia kama mashine ya kinyozi. Akitoka, hakawii kurudi.

"Mama Mutua, hao ni nyuki," Mama akasema. "Huyu ametumwa kupeleleza nyumba. Kesho kundi zima litahamia humu."

Sikubisha. Mtu aliyekulia chini ya mizinga iliyotundikwa mitini hubishani naye habari za nyuki, na nyuki wetu wakichokozwa hawana simile. Baba Mutua akatumwa dukani kuomba trei za mayai, zile tunazochoma kufukuzia mbu. Akazivunjavunja kwenye karai la makaa, akalisogeza chini ya picha.

Kwa nyuki, moshi una kazi. Hufunika ile harufu wanayotumia kuonyana, nao hukimbilia kujishibisha asali wakijiandaa kuhama, wakapoa. Mdudu wetu hakuwa na asali wala kundi la kuonya. Alitoka dirishani akaenda zake, moshi tukabaki nao sisi. Ulipenya mapazia, ukafuka kutoka ghorofa ya tatu, na huko chini mtu akapiga kelele: "Moto!" Majirani wa ploti yetu hawangoji kuitwa mara mbili. Ndoo ya kwanza ililimaliza karai, ya pili ikaishia kwenye sofa, ya tatu ikaipata picha ya harusi, ikaanguka na kioo chake. Nawashukuru mpaka leo. Maji yale waliyanunua kwa mtungi.

Ukutani likabaki bonge la tope kubwa kama ngumi, limekandikwa vizuri. Jirani wa ghorofa ya chini, kijana anayefanya kazi icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na ambacho makao yake yako hapa jirani Kasarani, aliweka ndoo yake chini akaomba kisu.

Akalibandua bonge, akaliweka kwenye sinia, akapasua upande mmoja. Ndani mlikuwa na vijumba virefu vilivyolala sambamba. Kimoja kilijaa buibui wadogo, wameshindiliwa miguu juu. Mutua akamgusa mmoja kwa njiti ya kiberiti. Mguu ukatikisika polepole. Walikuwa hai. Mvamizi wetu alikuwa amewadunga mwiba wakapooza, ili nyama isioze. Juu ya tumbo la mmoja palikuwa na yai jeupe, limepinda kidogo kama punje ya mchele. Kila kijumba mtoto mmoja na akiba yake, kisha mlango unazibwa kwa tope.

"Kumbe ni nyigu," nikasema.

"Shosho hakukosea sana," kijana akajibu.

Akatueleza, sisi tukiwa tumesimama ndani ya maji. Jina nyigu tunawatupia wadudu wengi wasio wa nyumba moja. Wale wanaojenga viota vya karatasi chini ya paa ni ukoo uliojitenga zamani sana. Huyu wa tope, kwa nasaba, yuko karibu na nyuki kuliko na hao. Hata siafu ni jamaa wa karibu zaidi wa nyuki kuliko hao wa karatasi! Yapata miaka milioni 120 iliyopita, maua yakiwa yanaenea duniani, nyigu fulani wawindaji wa ukoo wa huyu wa tope waliacha kulisha watoto nyama, wakawaletea chavua. Vizazi vyao ndio nyuki, leo zaidi ya aina 20,000, na wengi wao hawana kundi wala malkia: kila mama na shimo lake.

Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Mwiba ni ule ule, na kumjengea mtoto chumba na kumfungia chakula ni kule kule. Kilichobadilika ni alichobeba mama akirudi nyumbani.

Mama mkwe aliliinamia sinia kwa muda mrefu. "Kwetu mzinga wenye watoto hauchomwi," akasema. Vijumba vilivyokuwa bado vimezibwa akavitia kwenye kopo la Blue Band, akaliweka dirishani bila kifuniko.

Sofa ilikaa kwenye paa siku nne. Jumatano tulikuwa tukinywa chai yenye asali, tumekalia mitungi, alipoingia mmoja mweusi na donge la tope mdomoni. Akauzunguka mraba mweupe ulioachwa na picha, akatua. Mlio ukaanza. Nilitaka kusema neno, Mama akainua kidole ninyamaze.