Boti Isiyowahi Kuzama

Yule mzee wa ufukweni Bagamoyo hakunidanganya hata neno moja. Aliapa kwamba boti yake haijawahi kuzama, nami nikamkabidhi kiinua mgongo cha miaka 31 ya ualimu. Kilichonipita ni kuuliza iligusa maji lini. Ilikuwa imelala mchangani kaskazi mbili, mbao zimekauka hata ukichungulia ndani unaiona minazi ya upande wa pili.

"Usihofu, mwalimu," alisema fundi wa kalafati. "Mbao ikinywa maji huvimba, inajiziba yenyewe."

Kweli huvimba. Ila kwanza zishindiliwe pamba, zipakwe sifa, yale mafuta ya ini la papa. Madumu mawili nikayaficha uvunguni mwa kitanda yasije yakaibwa. Mwizi hakuja. Mke wangu naye siku ya tatu akaenda kumsalimia dada yake Chalinze, na salamu zikachukua mwezi.

Injini ilikuwa ya lori. Aliyeifunga aliona dhambi kutupa giaboksi, kwa hiyo boti yangu ilikuwa na gia tano za kwenda mbele na haikuwa na breki. Nikajitia ujuzi, nikamuuliza makanika plagi tutabadilisha lini. Akanitazama nilivyozoea kuwatazama watoto wa Darasa la Nne.

"Dizeli haitaki cheche, mwalimu. Hewa inabanwa mpaka inachemka, mafuta yakinyunyiziwa humo yanawaka."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa nakupima."

Maji ya bamvua yalipojaa tukaishusha. Wiki nzima nilifua maji ya ngama kwa ndoo, usiku na mchana, hadi mbao zikakubali kuvimba. Ndipo tukaenda kuvua. Pwani haijapotea machoni, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Makanika akalegeza nati za nozeli kutoa hewa, akapampu kwa mkono, akakaza, akapiga stata. Akarudia. Mara ya tano betri nayo ikatuaga.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa ngalawa, tanga lake limetiwa viraka vya viroba vya unga. Alitufunga kamba bila kuuliza swali, akatuvuta taratibu hadi pwani, mbele ya soko zima la samaki.

Hapo ndipo makanika alipoigundua koki ya tangi. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, dizeli isije ikaibwa.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa unanipima tena?"

Samaki wa kumlipa mzee hatukuwa nao. Dizeli tulikuwa nayo, karibu tangi zima, maana haikuwa imetumika. Akaomba lita kumi.

"Shikamoo tena, mzee wangu," nikamwambia, "lakini wewe na tanga lako, dizeli ya nini?"

"Kuna mwenzako kule Kaole," akajibu, huku akilinusa dumu, "huwa namvuta kila Ijumaa. Nitamuuzia."