Nimefaulu Kupita Kiasi

Mtoto aliyelelewa Tanga hafundishwi kujisifu. Mgeni akimsifu, mama yake huwahi kudakia, "Wapi, mvivu huyu, hata vyombo hajaosha," na mtoto hutakiwa ainamishe kichwa, akubali. Sasa mchukue mtoto huyo akishakuwa mtu mzima, mkalishe mbele ya fomu ya kuomba shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa na maendeleo, kisha mwambie aeleze alivyo kiongozi.

Anayeomba kusomea uhandisi huulizwa kama anajua hesabu. Sisi wa maendeleo tunaulizwa tutaibadilishaje nchi. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza inautoa tangu 1983, unataka insha za uongozi, za kujenga uhusiano na watu, za kozi ulizochagua na za kazi utakayofanya ukirudi. Tena unataka uwe umefanya kazi saa 2,800. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu na karatasi. Asasi yetu inachimba visima vijijini, na sehemu kubwa ya kazi ya maendeleo, kwa asiyejua, ni kumsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi wa saa tatu hufika saa saba. Turubai limefungwa tangu alfajiri, wapiga ngoma mikono imekufa ganzi, watoto wa shule wamesimama juani na wimbo wao wa kumkaribisha. Je, muda ule ni kazi? Niliamua kuwa ni kazi, tena ya sulubu. Kwa hesabu hiyo nilivuka kiwango bila kugusa kisima hata kimoja.

Insha ya uongozi ilinitoa jasho zaidi. Ukweli ni kwamba kiongozi wa ule mradi wetu alikuwa bibi mmoja, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyelala na ufunguo wa pampu chini ya mto na kumtoza faini hata mwanawe. Mimi nilikuwa mtu wa daftari la mahudhurio na bahasha za posho. Nikaandika nilivyoweza, eti "niliratibu ushirikishwaji wa wadau," nikampa rafiki yangu mmoja aliyewahi kupata ufadhili aipitie. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hapa wewe uko wapi? Umemsifu bibi tangu juu hadi chini. Kwa insha hii, anayestahili kwenda Uingereza ni bibi."

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli anastahili.

Vyuo navyo vinataka barua za wadhamini. Nikaenda kwa mhadhiri wangu wa zamani, nikamwamkia, "Shikamoo, Dokta," akaitikia kwa furaha, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema lile ambalo kila mhitimu wa nchi hii amelisikia: "Andika mwenyewe, uniletee nisaini." Nikakaa usiku kucha nikijisifu kwa sauti ya mtu mwingine, mzee mwenye shahada ya uzamivu. Niliandika kwamba huyu ni mwanafunzi wa kipekee katika miaka yake yote ya kufundisha. Asubuhi Dokta akaisoma, akachukua kalamu nyekundu, akafuta "wa kipekee", akaweka "mzuri". Akatafakari kidogo, akaongeza "kiasi".

Hata hiyo "mzuri kiasi" haikwenda. Mfumo ulikataa barua pepe yake ya kila siku, ukadai ya chuo. Ya chuo anayo, alipewa zamani, ila nywila haijui. Mtaalamu wa kompyuta akasema nywila haibadilishwi bila barua ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa kwenye warsha Dodoma.

Nikahamia kwenye fomu ya chuo kimoja cha Marekani. Vyuo vyetu vinapima ufaulu kwa wastani unaoishia 5, wao unaishia 4. Nikaandika 4.2 yangu, ambayo huku ni daraja la pili la juu, wala si ya kupigiwa vigelegele. Maandishi mekundu yakatokea: alama haziwezi kuzidi 4.0. Maelekezo ya mwanzo yanamkataza mwombaji kubadili alama zake. Kisanduku cha mbele kinamkataa asipozibadili. Nimesoma kwa hofu ya kufeli tangu chekechea, na siku nilipozuiwa mlangoni, nilizuiwa kwa kufaulu kupita kiasi. Nilimsimulia mama kwa kulalamika. Yeye, aliyenikana mbele ya wageni wote wa utotoni mwangu, alitoka na habari hiyo mpaka gengeni: alama za mwanangu zimewashinda Wamarekani, hawana pa kuziandika.

Kisha kuna Kiingereza. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, lakini Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazihesabu kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Jamaika imo. Basi tunalipa, tunafanya mtihani wa IELTS, na matokeo yake yanakubalika kwa miaka miwili tu, baada ya hapo Kiingereza chako kimechacha kama maziwa ya pakiti. Sehemu ya mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14. Nilikuwa nimejiandaa na Baraza la Usalama, kura za turufu na madeni ya nchi maskini. Mtahini, mama mpole, akaniomba nimweleze samani ninayoipenda nyumbani. Nikamweleza kochi la mjomba kwa uchungu wote niliokuwa nimeuweka akiba kwa ajili ya Umoja wa Mataifa.

Mjomba mwenyewe, mstaafu wa bandari, hakuwahi kuielewa safari hii.

"Mpwa wangu, Kurasini kuna Chuo cha Diplomasia. Kipo tangu 1978, tulikianzisha sisi na Msumbiji. Leo kina jina la Salim Ahmed Salim. Nauli yake ni daladala."

"Lakini mjomba, Salim mwenyewe uzamili wake aliuchukua Columbia, New York."

"Alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa, alikuwa anaishi kule. Wewe ofisi yako iko New York?"

Ofisi yangu iko Mbagala.

Dirisha la Uingereza lilikuwa linafungwa saa sita mchana kwa saa za Greenwich, yaani kwetu saa tisa alasiri. Saa nane na nusu LUKU ikaisha. Mdogo wangu alikuwa amenyoosha nguo za harusi tangu asubuhi, na laptopu yangu bila waya ni sinia. Nikanunua umeme kwa simu, mjomba akashika simu akinisomea zile tarakimu 20 taratibu, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari, akisita kila baada ya nne kuuliza, "Umeipata hiyo?" Kwenye ya kumi na sita akakumbuka kisa cha bandarini, akakisimulia chote. Maombi yalikwenda. Mjomba anasema bila yeye yasingekwenda, na ameomba nimtaje kwenye insha ya kujenga uhusiano na watu.

Majibu bado. Wewe unayetaka kuomba mwaka huu, insha ziache kwanza. Mfuate mhadhiri wako leo, kabla mkuu wa idara hajapata warsha nyingine Dodoma, umuulize kama anaikumbuka nywila.