Yah: Ombi la kufuli la maabara kuajiriwa kuwa mwalimu wa Kemia

Mheshimiwa Mshika Ufunguo,

Shikamoo kutoka Kilwa. Kama nimekuzidi umri, basi marahaba.

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Tangu tulipochangishwa maabara mwaka 2014, mlango wetu umefunguliwa mara mbili: siku ya mgeni rasmi, na siku ya kuingiza madawati mabovu. Hatulalamiki. Tunamwombea ajira mtumishi aliyejitolea muda wote huo.

Kufuli letu halichelewi kipindi, haliumwi, haliagi kwenda msibani. Mvua, jua, lipo mlangoni linafundisha: chuma, hewa na unyevu huzaa kutu, na chumvi ya bahari huharakisha. Ndilo jaribio pekee ambalo watoto wetu wameliona kwa macho. Tunaomba lipewe barua ya ajira, cheki namba na posho ya mazingira magumu. Likistaafu, mafao yasicheleweshwe kama ya binadamu. Ila lisiruhusiwe kuhama kumfuata mwenza: mwenza wake ni ufunguo, na anakoishi unakujua wewe tu.

Mjukuu wangu wa Kidato cha Pili ndiye aliyelipendekeza. Aliuliza darasani: mbona kufuli hili limeliwa kuliko la shangazi yake wa Nachingwea, na yalinunuliwa siku moja? Akajibiwa kwamba hilo halitoki kwenye mtihani. Mwalimu simlaumu, naye ufunguo hajawahi kuushika. Lakini mtoto siku hizi haulizi. Anakariri.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba wa Kidato cha Tatu, Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yaliyopozwa. Alipouliza, alichekwa. Akaendelea kuuliza hadi Iringa, alikomkuta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo lenye jina la Mpemba. Yule alikuwa na friji, Mheshimiwa.

Maombi madogo: gesi ya Songo Songo, inayokwenda Dar es Salaam tangu 2004, itubakizie robo saa ya mwali wa bluu. Na yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria ambaye mifupa yake ilibebwa na watu wetu hadi Lindi kati ya 1909 na 1913, atutumie picha kutoka Berlin. Ya rangi.

Aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita kajengewa jumba. Aliye hai tumemjengea jumba, mkamfungia nje! Mtoto akiuliza mara moja asijibiwe, mara ya pili haji. Na nyie mnaandika kwenye ripoti kwamba watoto wa pwani hawapendi sayansi.

Tusifike huko. Narudi kwenye ombi, na naomba lishughulikiwe mapema. Kwa somo lake lenyewe, mwalimu huyu amebakiza masika machache akatike, na siku hiyo watoto wataingia bila kibali chako.

Wako mtiifu,
Babu wa Kidato cha Pili

Nakala: Kufuli, kwa taarifa.