Mlango Unaojifungua

Mama mkwe alipokuja kututembelea Tanga, nilikuwa nimezama katika kitabu kikuukuu, The Making of Star Trek, kilichotoka 1968, kuhusu tamthilia ya runinga ya chombo cha angani. Vitabu vya namna hii huumbua: tamthilia unayoihusudu unaikuta jikoni, imejifunga kanga, haijanawa uso. Vyombo vya tiba vya Daktari McCoy, tabibu wa chombo hicho, ni vichupa vya chumvi. Vilinunuliwa viwekwe mezani katika sehemu moja ya tamthilia. Vilikuwa vya ajabu hata ikahofiwa hakuna atakayejua ni vya chumvi, basi akapewa daktari. Na ile milango ya chombo inayojifungua? Ilivutwa na mafundi waliojificha. Fundi akichelewa, mwigizaji hugonga pua.

Kosa langu ni kumsimulia Juma, miaka tisa.

Jioni hiyo kamba ya kuanikia nguo ilifungwa kwenye kitasa cha sebuleni, ikapitishwa nyuma ya kochi. “Bibi, usiushike! Unajifungua wenyewe.”

Bibi, ambaye hakubali kupikiwa hata ugenini, akaja na birika, mlango ukafunguka. Akaja na sinia la wali, ukafunguka, naye akaushukuru: “Ahsante, baba.” Mara ya tatu akaja na bakuli la mchuzi wa changu.

Kitabu nilikuwa nimekiacha juu ya kochi. Fundi wetu alikiona, akaanza kutazama picha, kamba ikalegea. Bibi hakupunguza mwendo. Puu! Juma akashtuka, akavuta kwa nguvu zake zote, na Bibi, aliyekuwa bado ameuegemea mlango, akaingia na mchuzi wake: kochi, mjukuu, kitabu.

“Lahaula!”

“Baba Juma,” mke wangu alisema kwa upole ule ninaouogopa, “hayo mavitabu yako.”

Katika kujitetea nikaanza habari za Uhura, mhusika wa tamthilia hiyo, kwamba jina lake limetokana na neno letu uhuru, na kwamba mwigizaji wake, Nichelle Nichols, ameandika katika Beyond Uhura, cha 1994, kuwa alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru.

Mama mkwe alikuwa akijikanda paji la uso. “Naye kitabu kilimponza?”

“Hapana, mama. Alipata kazi.”

“Basi huyo alikuwa na bahati.”

Kitabu nilikianika juani siku mbili. Kurasa za katikati hadi leo hazifunguki.