Simba Kavamia Ploti

Jirani yangu hapa Kitengela alinunua ploti ya hamsini kwa mia, akaizungushia ukuta, na sasa kila msimu wa mvua analalamika kwamba simba "wanavamia makazi ya watu". Maskini! Mbuga ya Nairobi ipo tangu 1946, na upande wake wa kusini umeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda tambarare za Kajiado. Simba hufuata chakula, kama sisi tunavyofuata ploti za bei nafuu. Jirani alihamia juzi tu, lakini mvamizi ni yule mwenye manyoya.

Tena watoto wake wamekariri sinema ya simba ya Disney, mwanzo hadi mwisho. Simba wa sebuleni anaimba, kwa hiyo ni mtoto wa nyumbani. Wa nje ya geti hajui kuimba. Huyo anapigiwa simu KWS, shirika la wanyamapori.

Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa huku huku, alikuwa na miaka 11 alipogundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, taa zikawa zinawaka kwa kupokezana kuzunguka boma. Mwaka 2013 alipanda jukwaa la TED kule California kuyaeleza hayo.

Jirani naye kasikia habari za taa. Kafunga moja, kubwa, isiyopepesa hata kidogo. Usiku mbuzi wake wanaonekana kutoka barabara ya Namanga.