Ziachie Molekuli Zikufanyie Kazi

Unataka chembe za madini zenye upana wa nanomita chache, zimejipanga tabaka kwa tabaka, na sifa zote zije kwako? Weka patasi chini. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mkono haufiki huko. Mafuta yanafika.

1. Tafuta sinia la kina kifupi, ulijaze maji yenye chumvi ya kadimi. Katika usafi usitafute njia ya mkato: alama moja ya kidole inachafua kila kitu. Na usilalamike kwamba huna maabara. Agnes Pockels alianzia jikoni kwao, Braunschweig, na mwaka 1891 Lord Rayleigh akaifikisha barua yake kwenye jarida la Nature.

2. Dondoshea juu ya maji asidi ya arakidiki (imo kidogo hata kwenye mafuta ya karanga) iliyoyeyushwa kwa klorofomu. Klorofomu ikiruka, vichwa vya molekuli vinang'ang'ania maji na mikia inayakimbia. Sasa zisukume kwa ufito, polepole, zibanane kama abiria wa daladala mpaka zisimame wima. Kalibu yako tayari, na unene wake ni molekuli moja.

3. Chovya kioo, kitoe, chovya tena. Kila safari kinabeba tabaka jipya. Kwa mtindo huo Katharine Blodgett wa General Electric alitengeneza kioo kisichorudisha mwanga, mwaka 1938.

4. Hapa ndipo utamu ulipo. Pitisha gesi ya hidrojeni salfaidi. Inapenya katikati ya matabaka, inaikuta kadimi imeshikwa na vile vichwa, na papo hapo zinaungana kuwa salfaidi ya kadimi. Mafuta yanazibana chembe zisinenepe. Ukubwa wake ndio unaoamua zinyonye mwanga wa rangi gani: zikipungua, zinasogea upande wa buluu. Umetawala rangi bila kugusa rangi! Lakini gesi hiyo inanuka yai bovu, kisha inaifisha pua, kisha inaua. Fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, na ujasiri uuache mlangoni.

5. Huna subira ya kuchovya? Chukua muhuri wa mpira, upake molekuli za thioli, upige chapa juu ya dhahabu. Joanna Aizenberg na wenzake walifanya hivyo mwaka 1999: fuwele za kalisaiti zikaota pale tu zilipoelekezwa, zikiangalia upande mmoja. Chonga muhuri wenye jina lako. Fuwele zitaliandika.