Matope ya Kulipia

Kuhusu matope niulize mimi, jirani. Hapa Hulugho hatuyatafuti. Yanakuja yenyewe. Mvua ikishika kidogo tu ule udongo mweusi unafura, unakamata tairi, lori linalalia tumbo, basi, imekwisha. Mnashuka wote, na wazee, na mbuzi. Mnakata matawi ya mathenge mnatandika. Mnasukuma. Dereva anatukana, utingo anatukana, wewe uliyelipa nauli huna hata nafasi ya kutukana kwa sababu mdomo umejaa tope. Mtu anatoka hapa na mchele wa harusi, akifika Masalani bibi harusi ana mimba. Na nauli hairudi.

Sasa sikia maajabu. Huko Nairobi kuna watu wazima, wana kazi, wana bima ya afya, wanachanga pesa kwenda kukwama. Si bahati mbaya. Wamepanga. Wana grupu ya WhatsApp. Gari likizama wanapiga picha, wanacheka, wanapeana mikono. Siku ikipita bila kukwama wanarudi nyumbani wamenuna.

Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Kijana amesoma, anafanya kazi fulani ya kompyuta, kila akinieleza usingizi unanichukua. Ana Land Cruiser kuukuu, umri wa gari na wa mama yake unakaribiana. Amelitia winchi mbele, mataa juu, na bomba la hewa limepanda ubavuni mpaka paani, ati gari lipate kupumua likiwa mtoni. Nikamwuliza, gari linafanya nini mtoni? Akasema, "Abti, hiyo ndiyo raha yenyewe." Abti ni mimi, mjomba wake.

Mimi Nairobi nilikuwa nimeenda kung'oa jino. Nikamkuta anafunga mizigo. Abti, twende Aberdare na wenzangu wa grupu, siku chache tu, tunalala msituni, milimani. Nikakubali upesi. Kwanza, chakula cha bure. Pili, nilijiambia hawa watoto wa lami wanahitaji mtu anayejua matope. Nikavaa kikoi, shati la mikono mifupi na slipa. Blanketi moja. Mkebe wa nyama ya nyirinyiri aliyoipika mke wangu, mafuta yamejaa mpaka juu. Nikakaa kiti cha mbele, nikaanza kutoa mawaidha kabla hata hatujatoka South C.

Tukapita Naivasha, tukakata kwenda Ndunyu Njeru, barabara ikaanza kupanda. Ikapanda. Nikangoja ishuke. Ikapanda tena. Wewe unajua kwetu: ukisimama juu ya gunia la sukari umeona mpaka Somalia. Mimi nilidhani mlima unapanda, unafika juu, unasema bismillahi unashuka. Huu haukuwa na haraka hiyo. Tukaingia lango la Mutubio, mianzi huku na huku, ukungu mbele, na nje baridi ambayo mimi nilikuwa nikiionea ndani ya friji ya soda.

Kichwa kikaanza kugonga. Nikatangaza malaria. Wenye magari wakasema hapana mzee, ni hewa, hapa tumepita mita 3,000, na kilele cha Satima pale nyuma ya ukungu kina mita 4,001. Nikawaambia mimi malaria yangu naijua, tumeishi pamoja tangu utoto. Wakanipa maji. Malaria ya watu wa Nairobi inatibiwa na maji. Na kweli ilipoa, lakini sikuwaambia.

Njiani kuna uzio wa umeme. Nikauliza ni shamba la nani. Wakacheka mpaka wakasimamisha gari. Ule uzio umezunguka mlima mzima, ndugu yangu. Kilomita kama 400. Ulianza kujengwa 1989, ukakamilika 2009, ndovu wasiingie viazi vya watu na watu wasiingie miti ya ndovu. Ni mrefu kuliko barabara ya Garissa mpaka Nairobi! Pesa nyingi zilitoka wapi? Kwa hawa hawa wapenda kukwama. Kuna mashindano yanaitwa Rhino Charge, yalianza mwaka huo huo wa 1989, magari yanaingizwa porini, vituo 13, kwa muda wa saa kumi, na mshindi si mwenye mbio. Mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Nikamwambia mpwa wangu, rudia. Akarudia. Basi mimi namjua dereva mmoja wa lori hapa kwetu, wakati wa El Niño hakusogea hata hatua moja wiki nzima. Kijiji chote tulimtukana. Kumbe tulikuwa tunatukana bingwa.

Mchana ule gari la mbele likazama. Sasa hapa nikaona siku yangu imefika. Nikashuka kabla ya gari letu kusimama, nikakunja kikoi, nikapaza sauti, "Leteni matawi!" Kukata matawi kwenye hifadhi ya taifa ni kosa, nikaambiwa. Haya, nikaenda nyuma ya gari kusukuma. Wakaniita, mzee toka hapo. Nikawaonyesha kwa mkono kwamba nimezoea. Dereva hakuniona, akakanyaga mafuta. Bwana wee. Tope la Hulugho ni jeusi lakini lina joto. Lile lilikuwa barafu. Lilianzia kwenye nyusi likamalizia kwenye slipa, na slipa moja mpaka leo iko Aberdare.

Wao wala hawakusukuma. Wakapunguza upepo kwenye matairi, wakafunga mkanda mpana kwenye mti, ati waya usiuchubue, wakavuta waya wa winchi. Halafu mmoja akauliza, kuna kitu kizito cha kuweka juu ya waya, usije ukakatika ukaruka ukamkata mtu? Mpwa wangu akatazama ndani ya gari. Akaona blanketi langu. Sikuulizwa. Waya ukavuta, gari likatoka, watu wakapiga makofi, blanketi likateleza likaanguka chini, gari likapita juu yake. Matairi manne. Nilihesabu.

Jioni pale kambini wakaanza kutajiana wanyama. Mmoja akasema humu kuna bongo, swala wa msituni mwenye mistari, adimu sana. Nikaona heshima ya Garissa iko hatarini. Nikawaambia sisi tuna hirola, duniani hapatikani ila huku kwetu mpakani na wachache waliopelekwa Tsavo. Nikawaeleza habari za Ishaqbini, jinsi wafugaji wa Ijara walivyotenga ardhi yao wenyewe, na 2012 wakamwekea hirola boma lake. Wamebaki hawafiki 500, nikasema kwa majivuno. Yule jamaa akanywa chai yake taratibu. Akasema bongo wa milimani porini hawafiki 100. Nikanyamaza. Yaani hata kwenye kupungua tumeshindwa.

Kisha akauliza, mzee, si huko kwenu pia kuna msitu mkubwa, Boni? Nikasema upo, ni hifadhi tangu 1976, na miti yake imesimama mahali pa tambarare kwa adabu. Mbona basi hamwendi kupiga kambi? Jirani, wewe unajua na mimi najua. Boni siku hizi si mahali pa kubeba hema kutafuta starehe. Nikamwambia tuna kazi nyingi.

Lakini swala iliniaibisha zaidi. Maghrib imefika, maji ya kutawadha yapo, mto mzima unapita pale. Nikatia kidole. Kidole kikafa. Nikakumbuka tayamamu. Nikazunguka kambi yote natafuta vumbi. Huku kwetu vumbi liko kwenye chai! Kule hakuna hata punje: chini tope, mawe yana ukoga, miti ina ndevu za kijani zinazodondosha maji. Hata bodi ya gari ilikuwa imelowa. Nikatawadha hivyo hivyo, nikipiga kelele kwa kila kiungo, mpaka jamaa mmoja akaja na tochi akidhani nimeshikwa na chui. Kibla nayo kwenye ukungu ule utaijua vipi? Nikaomba dira ya gari. Nikaswali nikitetemeka kiasi kwamba rakaa zilijiswali zenyewe.

Halafu kulala. Hema lenyewe haliko chini, liko juu ya paa la gari, unapanda ngazi. Sasa wewe mzee wa kikoi panda ngazi ya chuma yenye umande, huku vijana wamekushikia tochi kutoka chini. Kutoka chini, jirani! Si mbali na pale kuna Treetops, ile nyumba ya juu ya miti. Februari 1952 Elizabeth alipanda pale akiwa binti mfalme, baba yake akafariki usiku ule, akashuka malkia wa Uingereza. Mimi nilipanda mjomba. Usiku wa manane nilipotaka kushuka kikoi kikanasa kwenye zipu, nikafika chini bila cheo chochote.

Na kwa nini nilishuka? Chai. Walinipa chai nyingi. Nikasimama pale gizani na suruali ya ndani, blanketi la tope mabegani, nikasikia miti inavunjika. Kraa. Kraa. Nikasema ni jirani wa hema lile jingine. Jirani akapumua. Ile pumzi ilikuwa ya mtu mwenye tani kadhaa. Ndovu huyo, anakula mianzi, hana habari na mimi. Nilichokwenda kufanya nilikifanya pale pale, bila kupanga. Nikapanda ngazi bila kugusa vipago.

Asubuhi waliniambia Dedan Kimathi alikaa kwenye msitu huu miaka, pamoja na wapiganaji wake, bila hema, bila jiko la gesi, Waingereza wakimwinda mpaka walipomkamata Oktoba 1956. Nilimheshimu mtu yule upya. Mimi usiku wa kwanza tu nilikuwa naomba anikamate yeyote.

Nyirinyiri? Usiniulize. Nilifungua mkebe mara moja tu, kima akashuka kutoka juu ya mti, akachukua, akapanda. Nilimtazama akila. Mafuta alilamba vidole kimoja kimoja. Mke wangu nimemwambia wageni waliipenda sana.

Wakanipeleka kuona maporomoko ya Karuru. Mita 273, yanashuka kwa ngazi tatu, mtu anasimama kwenye ubao wa kutazamia. Wengine wamesimama. Mimi nilitambaa kama mtoto, nikashika mguu wa mpwa wangu, nikachungulia kwa jicho moja. Akasema, "Abti, maji haya yanaingia Gura, Gura inaingia Sagana, huko ndiko yanakuwa Tana yenu." Nikafungua jicho la pili. Kumbe ni haya! Haya yanayotoka hapa na baridi yake yanafika Garissa yamekasirika. Ndiyo yaliyokata barabara pale Madogo 2023, yakarudia 2024, watu wamekaa ng'ambo wanatazama mji kwa macho. Nikayaambia maneno mawili matatu kwa Kisomali. Wenzangu wakadhani naomba dua, wakavua kofia.

Kurudi Nairobi nikaona simu inalia mfululizo. Mtandao umerudi. Picha zimefika kabla yangu, kwenye grupu ya familia. Hakuna ndovu. Hakuna maporomoko. Ni mimi, nimefungwa blanketi lenye alama za tairi, chupa ya maji moto tumboni, slipa mguu mmoja, mguu mwingine mfuko wa plastiki. Shemeji yangu wa Minneapolis ameuliza kama nimeokolewa baharini.

Nikadhani imeishia hapo. Baada ya kurudi Hulugho mpwa ananipigia: abti, watu wanagawana gharama. Mafuta, kiingilio, kuni, sehemu yako ni hii hapa. Nikamwuliza sehemu yangu ya nini? Ya kuliwa na kima? Akasema kwa heshima sana, abti ukikosa pesa hata mbuzi tu, tutachoma tukikutana. Mtoto wa dada huwezi kumnyima. Nikachagua mbuzi mzuri, nikampakia kwenye lori la ng'ombe linalokwenda Garissa, nikamlipia nauli.

Mvua ikashuka jioni ile ile. Lori limezama hata Masalani halijafika, mpaka ekseli. Dereva ananiambia mbuzi ameshushwa, amefungwa kwenye mti, anakula majani mabichi, amenenepa. Kila jioni mpwa ananitumia meseji: abti, mbuzi amefika? Namjibu bado, yuko kambini.